Sakafu ya lamineti dukani Malindi: uzoefu wangu wa kununua, kuweka na kutumia

Duka langu la vitambaa liko kwenye Barabara ya Lamu mjini Malindi, na nyuma yake kuna chumba cha ushoni ambamo mafundi cherehani hukaa kutwa. Sakafu ya zamani ilikuwa ya saruji iliyopigwa niru miaka mingi iliyopita. Ilikuwa imechimbika karibu na mlango na ikitoa vumbi lililoingia kwenye majora hata baada ya kufagia. Nilitaka sakafu yenye sura ya mbao, isiyoteleza kama vigae vikilowa, inayowekwa bila kufunga biashara kwa muda mrefu, na ambayo ningeweza kuibandua siku ya kuhama, kwa kuwa jengo ni la kupanga. Lamineti ilinitimizia hayo yote, na nimeridhika nayo. Hata hivyo, wenzangu wenye maduka na ofisi huku pwani wanapaswa kujua kwamba fedha za kununua vibao vizuri zitapotea bure ikiwa chini yake kuna unyevu na pembeni yake hakuna nafasi, na kwamba haya mawili ndiyo muuzaji huyataja mwisho, akiyataja.

Kibao cha lamineti si ubao wa kupasuliwa. Moyo wake ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi na joto. Juu yake hubandikwa karatasi yenye picha ya mti, kisha tabaka angavu la resini lenye chembe za oksidi ya alumini, na upande wa chini tabaka jingine linalozuia kibao kisipinde. Kiwango cha Ulaya cha EN 13329 hulipima tabaka la juu kwa kulisugua, na matokeo yake ndiyo alama za AC tunazoziona kwenye makasha. AC3 inafaa nyumbani na katika ofisi yenye watu wachache, yaani daraja la matumizi la 31. AC4 ni daraja la 32, la biashara ya kawaida. AC5 ni daraja la 33, la mahali penye nyayo nyingi. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alinisifia unene tu, kana kwamba milimita 12 ndiyo dawa ya kila kitu. Unene na daraja ni mambo mawili tofauti: kibao cha milimita 12 chaweza kuwa AC3, na cha milimita 8 kikawa AC5. Unene husaidia kupunguza mlio wa hatua na kuimarisha viungo, lakini hauongezi uhai wa uso wa kibao. Waranti nayo isomwe hadi mwisho, kwa sababu miaka mingi inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya matumizi ya nyumbani, na ya biashara huwa michache zaidi.

Muuzaji huyo aliniambia pia kwamba bidhaa yake haiingii maji kabisa. Nilimwomba kipande cha sampuli, nikakilaza usiku kucha ndani ya bakuli la maji. Asubuhi uso wake ulikuwa uleule, unang'aa, lakini ubavu uliokatwa ulikuwa umefura kama mkate uliotoswa kwenye chai. Sikununua kwake. Nilinunua AC5 ya milimita 12 kwa muuzaji mwingine wa Mombasa, ambaye aliniambia waziwazi kwamba kibao chake huvumilia maji yaliyomwagika yakifutwa mapema, basi. Bei ilikuwa juu ya ile ya AC4, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuibandua sakafu na kuiweka upya. Nilipima eneo lote, nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata, kisha nikaagiza kasha moja zaidi la akiba.

Kazi iliyonifungua macho zaidi ni ile iliyotangulia uwekaji. Fundi niliyempata, seremala wa hapa Malindi, alikataa kushika kibao chochote kabla ya kuijaribu saruji. Alikata vipande vya nailoni angavu vya upana wa mita moja, akavitandika sehemu kadhaa na kuvifunga kingo zote kwa utepe mpana, akaviacha mpaka kesho yake. Cha dukani kilikuwa kikavu. Cha chumba cha ushoni, karibu na ukuta wa nyuma, kilikuwa na matone upande wa ndani, na saruji chini yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu yaliyolowa. Akaniita nitazame. “Mama, hapa tukiweka leo, masika ikija utanililia,” akasema. Tulitoka nje tukakuta bomba la mfereji wa bati limekatika na maji ya mvua yamekuwa yakimwagika kwenye msingi. Bomba lilitengenezwa, chumba kikaachwa wazi kipigwe na upepo wa kaskazi, na jaribio likarudiwa hadi nailoni ikatoka kavu. Wauzaji wengi hawana muda wa kungoja hivyo, na baadhi ya mafundi hukubali kuweka juu ya zege lolote ili walipwe na waondoke. Majengo mengi ya zamani mjini petu hayana nailoni chini ya zege, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka ardhini hata pasipo na bomba bovu.

Baada ya hapo sakafu ilisawazishwa. Fundi alitembeza bapa lililonyooka la mita mbili kila upande, na palipokuwa na mwanya wa zaidi ya milimita 3 chini yake alijaza saruji ya kusawazisha. Nyufa zilizibwa na kupigwa dawa, maana mchwa wa huku hawachagui kati ya mti na unga wa mti. Ikatandikwa nailoni ya unene wa milimita 0.2, ikilaliana sentimita 20 kwenye viungo na kupandishwa kidogo ukutani, kisha foamu ya milimita 2. Makasha ya vibao yalikuwa yamelazwa humohumo dukani kwa saa 48, yakiwa bado yamefungwa, ili mbao zizoee hewa ya chumba. Asikubali mtu yeyote makasha yake yakae barazani na kuingizwa ndani asubuhi ya kazi.

Nafasi ya pembeni ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Hewa yetu hubadilika sana kati ya kaskazi na masika, na mbao hizi hutanuka na kusinyaa pamoja nayo. Fundi aliweka kabari za milimita 10 kuzunguka kuta zote, nguzo na miimo ya milango, akaziondoa mwishoni na kuufunika mwanya kwa skatingi, yaani ubao mwembamba wa chini ya ukuta, iliyopigiliwa ukutani, si sakafuni. Mlangoni kati ya duka na chumba cha ushoni aliikata sakafu na kuweka ukanda wa alumini, ili kila upande ujongee peke yake. Kaunta yangu nzito, iliyofungwa kwa boliti, ilisimamishwa kwanza juu ya saruji na vibao vikaizunguka, kwa kuwa sakafu inayoelea, yaani isiyogundishwa wala kupigiliwa chini, ikishikwa kwa boliti mahali pamoja hupasukia kwingine. Jirani yangu mwenye ofisi aliwekewa vibao vizuri vya AC5 vikiwa vimesukumwa hadi kugusa ukuta pande zote. Ilipofika masika, sakafu yake iliinuka katikati ya chumba hata mlango ukawa haufunguki. Nilisikitika sana kuiona, kwa sababu dawa yake ilikuwa kabari chache za mbao.

Katika matumizi, adui mkubwa ni mchanga. Oksidi ya alumini ni ngumu kuliko chembe za mchanga, lakini resini inayoishika sivyo, na wateja wangu wengi hufika kwa ndara wakitokea ufukweni. Nimeweka zulia gumu nje ya mlango na jingine refu ndani, na tunafagia kwa ufagio laini mara kadhaa kwa siku. Deki ya kumwaga ndoo nimeipiga marufuku. Kitambaa hukamuliwa mpaka kisidondoshe tone. Chetezo cha udi hukaa juu ya kigae, kwa sababu kaa likianguka na kukaa litaacha alama isiyofutika. Miguu ya vyerehani imevishwa mpira. Mafundi wangu wanasema miguu haiwachoki kama zamani, ingawa mlio wa viatu vyenye kisigino bado unasikika, na anayetaka ukimya atafute foamu bora kuliko yangu.

Masika yamepita na sakafu imetulia, isipokuwa kibao kimoja karibu na kioo cha kujaribia nguo, ambako chupa ya maji ya mteja ilivuja chini ya kiti bila mtu kuona hadi siku ya pili. Ukingo wake ulifura. Fundi alirudi, akang'oa skatingi, akafungua vibao kimoja kimoja kuanzia ukutani hadi hapo, akaweka kipya kutoka kasha la akiba na kurudisha vingine, na duka halikufungwa. Bila kasha lile ningepata taabu, kwa kuwa nilipouliza Mombasa, shehena mpya ya rangi ileile ilikuwa imekolea kidogo kuliko yangu. Kwa duka la nguo, ofisi au chumba cha mapokezi ningenunua lamineti tena bila kusita. Dada yangu anafungua saluni mtaani kwetu, na huko, penye masinki ya kuoshea nywele na maji sakafuni kutwa, nimemwambia aweke vigae au vinili, yaani sakafu ya plastiki.