Projekta nzuri, ila msiamini kilichoandikwa kwenye boksi

Wakuu, hii projekta ndogo ya LED naikubali, ila boksi lake silikubali hata kidogo. Nje wameandika 4K kwa maandishi makubwa, alafu pembeni kwa herufi ndogondogo eti "inasapoti". Kusapoti hapo maana yake inapokea tu picha ya 4K kutoka kwenye laptopu au deki, ikishaipokea inaibana iingie kwenye pikseli (vidoti vinavyounda picha) ilizonazo yenyewe, na ilizonazo ni 1280 kwa 800, yaani milioni 1 na kidogo, wakati 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Hiyo 1280 kwa 800 imefichwa ndani ya kitabu cha maelekezo kwenye mstari wa rezolusheni halisi (idadi ya pikseli ilizonazo kweli), na huo ndo mstari wa kuutafuta kabla hujatoa hela yako, mengine yote ni matangazo. Mimi kwa hilo tu nawakata nyota moja.

Tukija kwenye picha sasa. Ukichomeka HDMI (waya wa kupeleka picha toka laptopu) ukaiacha hivyohivyo, laptopu inaweza ikaamua kutuma 1920 kwa 1080, na kwa muvi wala hutashtuka. Fungua jedwali la Excel ndo utaona: mistari mingine imenenepa, mingine imepotea kabisa, herufi e na a huzitofautishi, nane inasomeka kama tatu. Watu wengi hapo wanaanza kuzungusha fokasi weee mpaka basi, na fokasi haina kosa lolote, pikseli 1920 zilizotumwa ndo hazigawanyiki sawa kwenye 1280 zilizopo. Ingia setingi za displei, chagua projekta (angalia usije ukabadilisha skrini ya laptopu), weka 1280 kwa 800. Nilivyoweka tu jedwali likatulia, mistari yote unene mmoja na namba zinasomeka hadi nyuma. Kingine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uifanye projekta iwe skrini ya pili inayojitegemea, maana zikionyesha kitu kimoja zote mbili zinalazimishwa rezolusheni moja, na moja wapo lazima iumie. Video nyingi zitaacha ukanda mweusi juu na chini, ziache tu hivyo, ukivuta picha ijaze ukuta watu wote wanakuwa warefu.

Kistoni inayo, inanyoosha picha ikiwa imepinda, ila kila ukiisogeza unapoteza pikseli maana inanyoosha kwa kukata na kubana, na hapa pikseli zenyewe sio nyingi. Bora utafute meza ya urefu unaofaa, projekta iangalie ukuta moja kwa moja, kistoni uiache sifuri. Nimelinganisha maandishi madogo kwa njia zote mbili na tofauti inaonekana bila kusogea karibu.

Naitumia pamoja na monita ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 na huko kanuni ni ileile. Herufi zikiwa ndogo usishushe rezolusheni kwenda 1080, utapata ukungu siku nzima na macho yatauma, we acha 1440 alafu ongeza ukubwa wa maandishi uwe asilimia 125. Wenye monita ya 4K cheki na HDMI ya mashine yako, ile ya toleo la 1.4 inaishia Hz 30 (picha 30 kwa sekunde) kwenye 4K na mshale wa mausi unaburuzika vibaya, inatakiwa 2.0 kwenda mbele ndo upate 60.

Kwa hiyo kwa slaidi zenye maandishi makubwa na muvi kwenye chumba chenye giza, chukua, nyota 4. Kama kazi yako kila siku ni majedwali na ramani za ujenzi tafuta ambayo rezolusheni yake halisi ni 1920 kwa 1080, na muuzaji akikwambia "inasapoti" mwambie afungue kitabu akuonyeshe ule mstari.