Nikon Coolpix P950 mbele ya kiota cha mwewe: zumu ya mara 83, na kwa nini utatumia nusu yake

Mwewe akishajenga kwenye mwembe wa jirani, hutokea mambo mawili. Kuku wenye vifaranga hufungiwa, na mtu mmoja pale nyumbani huanza kuulizia bei ya kamera yenye zumu ndefu. Katika kuulizia huko, jina la Nikon Coolpix P950 halikosi. Tathmini hii inaipima kwa kazi moja tu: kutazama na kupiga picha makinda wa mwewe wa mjini, yule wa kahawia mwenye mdomo wa njano na mkia wenye panda, kiota kikiwa juu mita 10 hadi 15 na mpiga picha akiwa nyumbani kwake. Kwa harusi na picha za usiku, tafuta nyingine.

Kamera hii ilitangazwa Januari 2020 kwa bei ya karibu dola 800 za Marekani. Lenzi yake haibadilishwi. Inaanzia milimita 24 na kufika 2000 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35 (namba ikiwa kubwa, inavuta karibu zaidi), yaani mara 83, na uzito wote ni kama kilo moja. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, ya inchi 1/2.3, yenye megapikseli 16. Udogo huo ndio unaoruhusu lenzi fupi kuvuta mbali kiasi hicho bila kubeba bomba la mita nzima, na udogo huohuo ndio utakaokuudhi mwanga ukipungua. Saa kumi na mbili jioni, chini ya majani ya mwembe, usitegemee manyoya ya kuhesabika.

Tuanze na pembe, maana ndiyo inayoihalalisha bei. Kiota kikiwa mita 12 juu na wewe umesimama mita 10 kutoka shinani, unakitazama kwa nyuzi 46 hivi. Utaona vijiti, matambara na mifuko ya plastiki, kwa kuwa mwewe hutandika kiota kwa takataka za kila aina, labda na ncha ya mkia wa mama. Rudi nyuma hadi mita 30 na pembe inashuka hadi nyuzi 19. Kwa umbali huohuo, panda kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, inabaki 14 hivi, na vichwa vya makinda vinaanza kuchomoza juu ya ukingo. Kadiri unavyokaa mbali ndivyo unavyoona ndani ya kiota. Kamera ya kawaida au simu haikuruhusu kukaa huko. Hii inakuruhusu, na mama mwewe hashtuki.

Sasa hesabu ya fremu. Kwa mita 30, kwenye milimita 2000, fremu nzima inachukua upana wa sentimita 52 na kimo cha sentimita 39. Mwewe mzima ana urefu wa sentimita 55 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye zumu ya mwisho hata mama mmoja hatoshi, sembuse kiota. Kwenye milimita 1000 unapata mita moja kwa sentimita 78: kiota, makinda wawili, na nafasi ya baba kutua na panya. Picha nyingi nzuri za kiota cha umbali huu zitatoka kati ya milimita 800 na 1200. Milimita 2000 ziweke kwa ajili ya jicho na mdomo, au kwa kiota kilicho ng'ambo ya barabara, mita 60 na zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia mwisho wa zumu: joto. Kati ya dirisha lako na kiota kuna mabati ya mtu. Kuanzia saa nne asubuhi mabati hayo yanapika hewa, na hewa inayochemka huonekana kwenye milimita 2000 kama maji yanayotiririka mbele ya ndege. Fokasi inaonyesha kijani, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ya kasi, na bado picha ni uji. Wengi hulaumu kamera au huirudisha dukani. Lenzi haina kosa. Piga kati ya saa moja na saa tatu, au subiri mawingu. Chumba chenye kiyoyozi huleta balaa hilohilo dirishani, pale hewa ya baridi inapokutana na ya nje. Zima kiyoyozi na ufungue dirisha robo saa kabla. Vilevile usipige kupitia kioo cha dirisha la kusukuma, na wavu wa mbu uutoe kabisa, kwa sababu hata ukionekana umepotea kwenye picha, unaiacha imefifia kama imepakwa maziwa. Nondo hazina shida mradi mdomo wa lenzi upite katikati yake.

Mipangilio. Weka kwenye S (unachagua kasi ya shata) au M (unachagua kila kitu mwenyewe), maana RAW, faili ghafi la picha, inapatikana kwenye P, S, A na M, wala si kwenye alama ya ndege iliyopo kwenye gurudumu la juu. Alama hiyo ya ndege inamsaidia mgeni kwa siku mbili za kwanza, basi. Zima zumu ya kidijitali. Inakata picha na kuitanua, kazi ambayo unaweza kuifanya nyumbani kwa utulivu. Tundu la lenzi liache wazi lilivyo. Kwenye zumu ya mwisho ni f/6.5 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kwa sensa ndogo namna hii kulifunga hadi f/8 kunalainisha picha badala ya kuinoa.

Mwanga wenyewe uko hivi. Kiota kikipigwa na jua moja kwa moja, ISO 100 (ISO ni kiwango cha kuhisi mwanga) inakupa shata ya 1/600 ya sekunde hivi kwa f/6.5. Kiota kikiwa kivulini mchana, ISO 400 inakupa 1/300, na hiyo inatosha kabisa kwa kinda aliyelala au anayelishwa. Tatizo ni kinda anayepiga mbawa. Kumgandisha kunataka 1/1000, na kivulini hapo ISO inapanda hadi 1600, ambako kamera hii inaanza kutoa chengachenga na kufuta michirizi midogo ya manyoya. Kubali mbawa zenye ukungu kwa 1/250 na kichwa kilichotulia, picha hiyo ina uhai zaidi.

Ndege wa kahawia mbele ya anga jeupe atatoka mweusi kama kaa la mkaa. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1.3 kwenye kipimio. Makinda wachanga ni kinyume chake: wamevaa manyoya laini ya rangi hafifu, wamo ndani ya kiota chenye giza, na kamera ikijaribu kuliangaza giza hilo inawaunguza. Punguza -0.3 hadi -0.7.

Fokasi ndipo kamera hii inapochosha. Inatafuta kwa kulinganisha utofauti wa vivuli, hivyo ikiona kijiti chenye ukingo mkali mbele ya kichwa cha kinda, itachagua kijiti. Weka eneo la fokasi kwenye nukta ndogo kabisa unayoiweka mwenyewe, zima utambuzi wa uso, na kama majani yanapepea mbele, hamia fokasi ya mkono na uwashe rangi ya kuonyesha kingo zilizo kwenye fokasi. Kiota hakihami. Ukishakipata mara moja, fokasi ya mkono itakaa asubuhi nzima mradi hukugusa zumu.

Kukitafuta kiota kwenye milimita 1000 ni kazi ya kukodoa macho, kwani ukisogeza kamera nywele moja umeshahamia mti mwingine. Pembeni mwa lenzi kuna kitufe cha kurudisha zumu: ukikishika, picha inapanuka, unaweka kiota katikati, ukikiachia, inarudi pale ilipokuwa. Hiki kitufe kidogo kina thamani kuliko nusu ya menyu. Kitazamio cha macho nacho ni kizuri, nukta milioni 2.36, na mchana wa jua utakitumia kuliko skrini.

Sasa kero. Kwa mfululizo wa kasi, P950 inapiga picha 7 kwa sekunde, lakini ikifika 10 inasimama kuandika kwenye kadi. Baba anatua na chakula, anakiacha na kuondoka kwa muda mfupi sana. Ukibonyeza mapema, picha 10 zimeisha akiwa bado hewani, na wakati kadi inameza, makinda wameshagawana. Sikiliza kwanza. Mama na makinda huanza kulia ule mlio wao wa kutetemeka kabla baba hajafika. Bonyeza kitufe cha shata nusu, ngoja miguu iguse kiota, ndipo umalizie kubonyeza. Wanaotaka mwewe akiruka watafute Sony RX10 IV: zumu yake inaishia milimita 600, lakini ina sensa ya inchi 1 na inapiga picha 24 kwa sekunde. Kwa kiota cha mita 30 itakubidi ukate picha sana, na bei yake si ya mzaha.

Kwa kumbukumbu ya ulishaji, video ni bora kuliko picha. 4K (video ya ukali wa juu) ya fremu 30 kwa sekunde ni safi mchana, na kila kipande kinaishia chini ya dakika 30, kisha inabidi uanzishe kingine mwenyewe. Ukisimamisha video fremu kwa fremu utatambua mlo: mjusi, panya, kichwa cha samaki, utumbo wa machinjioni. Betri ni EN-EL20a, iliyopimwa kwa picha 290 hivi. Ukipiga video itaisha haraka zaidi. Nunua ya pili. Chaji ni kwa waya wa micro-USB.

Tripodi nyepesi ya simu haiwezi. Lenzi ikitoka nje uzito wote unaelekea mbele, kichwa kinainama taratibu baada ya kukaza, na kiota kinapanda juu ya fremu. Tafuta yenye uwezo wa kilo 4 au zaidi, usinyanyue nguzo ya katikati, ning'iniza mfuko wa mchanga chini. Kamera ikiwa juu ya tripodi zima kituliza mtetemo, na bonyeza kwa kipima muda au kwa rimoti ya ML-L7 ya Bluetooth. Zima sauti na ile taa ya kusaidia fokasi. Fleshi isitumike hata mara moja.

Ratiba ya makinda inakuonyesha lini uwe na betri zilizojaa. Wiki mbili za kwanza mama analalia karibu muda wote. Utapiga mgongo wa mama. Hizi ndizo siku za hatari kubwa, hasa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako kunguru weusi wa Bara Hindi wamejaa. Mama akiondolewa kiotani kwa sababu ya mtu aliyesimama chini ya mti, kunguru hawakosei. Wiki ya tatu manyoya ya kweli yanachipua. Mkubwa anaweza kumgonga mdogo. Idadi ikipungua usishangae. Wiki ya nne na ya tano makinda wanasimama, wanakunya kwa kurusha nje ya ukingo, na majani ya chini yanapakwa chokaa. Hapo ndipo kamera inapofanya kazi yake. Kuanzia wiki ya sita wanapiga mbawa na kuhamia matawi ya jirani, na kinda akitishwa wakati huu anaweza kuruka kabla mbawa hazijakomaa, akaangukia kwa mbwa. Usimtume kijana apande na simu, usirushe droni.

Anayetoka kiotani atambulike kwa mdomo: wa kwake bado ni mweusi, na njano iko kwenye ngozi ya juu ya pua tu. Akija kutua juu ya tanki lako la maji, kumbuka kwamba kwenye zumu ya mwisho P950 haishiki fokasi chini ya mita 5. Punguza zumu.

P1000, kaka yake, inafika milimita 3000, lakini inazidi kilo 1.4 na tundu lake mwishoni ni f/8. Kwa mabati na joto la pwani, hizo milimita 1000 za ziada ni pesa iliyopotea bure. Kama bajeti haifiki, Canon SX70 HS ya milimita 1365 inatosha kwa kiota cha mita 30.

Haina kinga ya vumbi wala maji, na lenzi inayotoka na kuingia hunyonya hewa ya chumvi. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vifuko vya silika. Kwa mtumba, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, washa, vuta hadi mwisho na urudishe mara tano: mlio uwe mmoja, usikatekate. Elekeza lenzi juu ukiwa umevuta, uone kama inateleza kurudi. Kisha mulika tochi ya simu ndani ya kioo cha mbele kwa pembeni. Ukiona utando wenye matawi kama wa buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe mezani.