Mbao ya milia kwa kitako cha gobori la Pennsylvania: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuza mbao atakuonyesha milia kwanza, maana milia ndiyo inayouza. Atalowesha ubavu wa pande la mbao kwa spiriti, mistari ijitokeze kama mgongo wa chui milia, na bei ipande hapohapo. Mwache amalize, kisha geuza pande utazame pale shingo itakapokaa.

Magobori marefu ya Pennsylvania, Marekani, yale ya karne ya 18 yaliyotoka mikononi mwa mafundi wa Kijerumani wa Lancaster na wilaya za jirani, huwa na mtutu wa inchi 42 hadi 46, na mbao huufuata mpaka karibu na mdomo. Shingo, yaani pale kiganja kinaposhika nyuma ya mtambo wa gumegume, hubaki na unene wa inchi 1½ hivi. Mbele yake tu mbao imechimbwa kwa ajili ya mtambo, kifyatulio na skrubu ya kushikia mkia wa mtutu. Kitako kikivunjika, kwa kawaida huvunjikia hapo, na mara nyingi hata risasi haijahusika: gobori limeanguka tu kutoka mezani.

Kwa hiyo nyuzi za mbao katika shingo lazima ziteremke pamoja na shingo yenyewe. Zikiikata mshazari zikatokea upande wa pili baada ya inchi mbili tatu, umenunua kuni za bei ghali. Mapande bora hutoka chini kabisa ya shina, mahali mti unapotanuka kuelekea mizizi, kwa sababu pale nyuzi hujipinda zenyewe na kufuata mteremko wa kitako.

Tatizo la mbao ya milia ni kwamba milia huficha nyuzi. Jicho linaona mistari inayokata pande kwa upana na kusahau kutafuta ile inayokwenda kwa urefu. Tafuta vistari vifupi vyeusi vya vinyweleo vya mbao, au dondosha tone la wino mwembamba sehemu itakayokatwa na kutupwa. Wino utatambaa kufuata nyuzi, si kufuata milia. Fanya hivyo ubavuni, kisha juu, kwa sababu pande linaweza kuwa zuri ukilitazama ubavuni na huku nyuzi zake zinakimbilia kando ukilitazama kwa juu. La namna hiyo hupinda sehemu ya mbele ukishachimba mfereji wa mtutu.

Vipimo vya kuagiza: urefu inchi 60, unene inchi 2½, upana inchi 7 hadi 8 upande wa bega, ukipungua hadi inchi 3 hivi mbele. Nenda na kiolezo cha kadibodi cha gobori lako. Kilaze juu ya pande, kisogeze, kiinamishe kidogo, mpaka shingo ikae kwenye nyuzi nzuri. Kisipokaa kokote, ondoka.

1. Mepo ya sukari (kwa Kiingereza, sugar maple), milia ya wastani. Hii ndiyo nafasi ya kwanza, na "ya wastani" ni sharti. Ni mbao ngumu, ina uzito wa kilo 700 hivi kwa mita ya ujazo, inashika kona kali na michongo midogo bila kumeguka. Milia mizito mno ina gharama yake. Pale mbele, kuta za mfereji hubaki na milimita 3 tu, na kati ya mfereji na tundu la mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi, hubaki kama hizo. Milia hutokana na mawimbi ya nyuzi, na nyuzi zenye mawimbi makubwa katika ukuta mwembamba vile ni dhaifu, na keekee ndefu ya kutobolea tundu la mdeki huyumbishwa na kila wimbi hadi itokee mahali usipopataka. Ukipata pande lenye milia mingi begani na michache mbele, lichukue, hata kama muuzaji analiweka daraja la chini.

Kasoro yake ni moja: hucheza na unyevu kuliko nyingine zote zilizomo humu. Ikikauka kutoka ubichi hadi ukavu kamili, husinyaa karibu asilimia 10 kwa kufuata pete za mwaka, na asilimia 5 hivi kuelekea kiini. Mcheri ni asilimia 7 na 4.

2. Mepo nyekundu, iliyo nzito. Milia yake mara nyingi huwa mikubwa na ya kuvutia zaidi, bei nafuu, na randa huipenda. Lakini haina uhakika: pande moja gumu, la pili laini kama sabuni. Bonyeza ukucha pembeni. Ukiacha alama ya wazi, michongo yako itakuwa na kingo za mviringo, na fremu ya mtambo itazama kila ukikaza skrubu. Likiukataa ukucha, nunua bila kusita.

3. Mjozi mweusi (walnut). Nguvu yake inatosha, hutulia ikishakauka, na patasi hupita kwa raha. Yafaa sana kwa anayetengeneza kitako cha kwanza. Ila vinyweleo vyake viko wazi na lazima vizibwe kabla ya mafuta ya kitani. Epuka pande lenye mbao nyeupe ya nje, kwani rangi hizo mbili hazitalingana kamwe.

4. Mcheri. Mwepesi, mnyoofu, milia adimu. Huiva rangi wenyewe kwa mwanga wa jua.

Mwisho wa foleni: mepo ya macho ya ndege na mbao za vinundu. Kila jicho ni mahali nyuzi zimekatika na kuzunguka. Kwa kisanduku cha vito, sawa. Shingoni, hapana.

Kuhusu ukavu, dai kipimaunyevu kisome asilimia 6 hadi 10. Mbao iliyokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo pande la inchi 2½ lililokatwa mwaka jana bado ni bichi katikati, hata kama ngozi yake inasema vingine. Ya tanuri ni sawa ikiwa haikuharakishwa. Iliyoharakishwa huwa na nyufa ndani zisizoonekana nje, basi kata kipande chembamba mwishoni ukichungulie. Ukifika na pande nyumbani, lipake nta ncha zote mbili, lipime uzito kila wiki, wala usilichonge mpaka mizani isome namba ileile wiki tatu nne mfululizo.

Ukinunua kwa picha, omba picha sita: mbavu mbili, juu, chini, na ncha mbili, zikiwa zimeloweshwa. Muuzaji akituma ubavu mmoja tu uliopakwa vanishi, anakuficha ule mwingine. Na kitako kilichokwisha chongwa na mashine kina hatari yake: aliyekikata amekuchagulia nyuzi tayari, kiolezo chako hakina kazi tena. Omba kurudisha iwe haki yako kabla hujalipa.

Milia yenyewe usiihukumu mbao ikiwa kavu. Fundi wa zamani alipaka asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma, kisha akaipasha joto mbao mpaka ikageuka kahawia. Pale mawimbi yanapoleta ncha za nyuzi usoni, rangi huzama zaidi, na mstari uliokuwa hafifu kama moshi huwa mweusi tii. Pande la milia "dhaifu" la bei ya chini, lenye shingo safi, ndilo mara nyingi huibuka hivyo.