Tahadhari Mtwara: Canter ikiishiwa nguvu ghafla, usiiache pampu yako dukani

Wenye magari ya mizigo wa Mtwara na Lindi, naomba mnisome hadi mwisho, hasa mnaoyaandaa magari sasa hivi kwa ajili ya msimu wa korosho. Kuna duka la spea za magari ya Kijapani hapa Mtwara mjini linalowaambia watu pampu zao za dizeli zimekufa wakati ni nzima. Linawauzia pampu nyingine, linabaki na zao, linazipaka rangi na kumuuzia mwingine. Mimi nimeliwa shilingi 950,000, na pampu yangu imekwenda. Jina la duka siandiki kwa sababu shauri nimelipeleka polisi na sitaki liharibike, lakini namna wanavyofanya naieleza yote.

Gari langu ni Mitsubishi Canter, injini 4D33, ile ya sisi 4,214. Halikuja na turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Niliifunga mwaka juzi kwa sababu njia zangu ni za kupanda, Tandahimba na Newala, na pampu ikarekebishwa iongeze dizeli ilingane na hewa ya turbo. Likafanya kazi vizuri mpaka mwezi wa saba, nilipopakia tani nne za salfa, dawa ya mikorosho, kwenda Tandahimba. Nimeshaipita Nanyamba, jua kali, naanza kupanda, mguu uko chini kabisa, gari likalegea kama mtu aliyekabwa koo. Nikateremka gia hadi ya pili. Nyuma moshi mweusi tii. Nikaegesha karibu nusu saa, nikawasha, likaenda vizuri kilomita chache, halafu likarudia yale yale.

Shikeni mambo hayo mawili: moshi mweusi, na gari kupata nafuu likipoa. Jibu lilikuwa hapo hapo, na yule muuzaji aliyasikia yote mawili kutoka mdomoni mwangu.

Nilikwenda dukani kwake kununua filta ya dizeli tu. Akaniuliza tatizo, nikamweleza, akamwita kijana wake aje "kupima". Kijana akalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli ya kwanza, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa. Dizeli ikawa inaruka vijitone vijitone. "Unaona, bosi? Pampu haisukumi tena." Nikaona kwa macho yangu, nikaamini. Ndugu zangu, injini isiyokanyagwa inapewa dizeli kidogo tu. Hata pampu iliyotoka kwenye boksi leo ingetoa vijitone hivyo hivyo. Pampu inapimwa ikiwa imetolewa kwenye gari na kufungwa kwenye mashine, kila tundu likipimwa linatoa kiasi gani. Anayekuhukumia pampu kwa spana moja na tambara, ondoka.

Akanitolea pampu inayong'aa rangi ya silva, akasema imetoka Japani, imefanyiwa ukarabati. Bei 950,000 pamoja na kufunga, kwa sharti kwamba ile ya zamani anabaki nayo kwa kuwa "ni chuma chakavu". Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ina tatizo la mtandao, akaniandikia ya mkono, chini yake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Baada ya kufunga, moshi ulipungua. Hilo ndilo lililonidanganya siku mbili nzima. Nikadhani nimepona, kumbe gari limenyimwa dizeli. Tupu tupu, kwenye njia ya tambarare ya Mikindani, lilikuwa linajivuta.

Hapo Mikindani kuna mzee mmoja fundi wa dizeli. Kabla hajashika spana akaniuliza, "Njomba, mwanzoni lilitoa moshi gani?" Nikamwambia mweusi. Akasema, "Basi dizeli ilikuwepo. Kilichokosekana ni hewa." Akaninyanyulisha kichwa cha gari, injini ikiwa bado ya moto, akamwambia utingo wangu apige resi hadi mwisho, yeye akamulika tochi kwenye mpira unaotoka eakilina, yaani chujio la hewa, kwenda kwenye turbo. Nilichokiona sitakisahau. Resi ilivyopanda, ule mpira ukaingia ndani katikati, ukabonyea kama mashavu ya mtu anayefyonza dafu, hadi pande zake mbili zikakaribia kugusana. Utingo alipoachia, ukarudi ukawa mviringo kama hakuna kilichotokea.

Aliyenifungia turbo alitumia mpira laini ambao hauna waya ndani. Turbo inavuta hewa nyingi kuliko injini iliyokuwa ikivuta zamani, na eakilina yangu ilikuwa imejaa vumbi, hivyo mvuto ukazidi. Mpira ukipata moto unalainika, unafyonzwa, hewa inakatika. Ukipoa unakakamaa, gari linapona. Mzee akaweka bomba la chuma, akaacha vipande vifupi vya mpira mgumu kwenye maungio, tukabadili eakilina. Jumla shilingi 70,000. Kisha akafuta silva kwenye kibati chenye maandishi ya aina ya pampu niliyouziwa: ilitolewa kwenye 4D32, injini ndogo ya sisi 3,567, isiyo na turbo.

Nawaomba, gari likifa nguvu ghafla, anzeni na moshi kabla ya mfuko. Mweusi mzito, tafuta hewa: eakilina, mpira uliobonyea au kupasuka, kibano kilichoachia baada ya turbo. Angalia pia kipepeo cha breki ya ekzosi, kikiganda nusu kinabana moshi usitoke na watu wengi hukisahau. Likikosa nguvu na moshi hauonekani, hapo ndipo ufuate dizeli: filta, kichujio kidogo kwenye pampu ya mkono, tundu la kupumulia la tanki, mabomba yanayovuta hewa. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na kwa mwenye turbo, hiyo ni sababu ya kuikagua turbo haraka. Pampu iwe ya mwisho. Na ukilazimika kununua nyingine, soma kibati mwenyewe, dai risiti ya EFD, na ya kwako ondoka nayo hata kama wanaiita chakavu.

Niliporudi dukani na mzee, pampu yangu nilikuta iko kwenye rafu, imeshapigwa silva. Niliijua kwa alama tatu za patasi ubavuni, alizozipiga marehemu baba mdogo aliyekuwa na gari hili kabla yangu. Rangi ilikuwa imejaa ndani ya zile alama lakini kidole kilizisoma zote tatu. Muuzaji akasema kama naitaka ni 700,000. Nikaenda polisi. Tulipokuja na askari kesho yake, rafu ilikuwa tupu.

Kwa hiyo kuna mwenzetu ameshaondoka nayo. Kama umenunua pampu ya 4D33 yenye rangi ya silva hapa mjini mwezi huu, pitisha kidole ubavuni, chini ya kibati. Ukikuta mikato mitatu iliyolala sambamba, ni yangu. Sikulaumu, nawe umeuziwa. Lakini pampu hiyo imeongezewa dizeli kwa ajili ya turbo. Ukiifunga kwenye injini isiyo na turbo itatoa moshi mweusi na kupandisha joto, na ukirudi pale dukani watakuambia nayo imekufa. Niandikie kabla hujapakia mzigo.