Mkono juu au karatasi bila jina?

Kwenye steji yetu ya bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda, tumejaribu njia mbili za kupokea mawazo. Kunyoosha mkono ni haraka, na mwenye hoja huulizwa papo hapo. Ila akisema mzee mwenye pikipiki tatu, wote huitikia; akisema kijana aliyeanza juzi, watu hutazama simu.

Karatasi bila jina huingia kopo la majani ya chai, katibu akazisoma zote. Wazo la kubeba abiria kwa namba, yaani kwa zamu, lilipita hivyo, na mwezi uliotangulia tulilikataa lilipotoka kinywani mwa kijana mmoja! Iliniuma. Asiyejua kuandika huandikiwa na katibu, hapo siri hupungua. Hata hivyo nachagua karatasi. Mikono ibaki ya mjadala.