Chati ya historia ya 15,000 Kariakoo: picha safi, miaka imebanana

Nafundisha darasa la nne huku Mbagala, shule ya serikali, watoto 94 chumba kimoja. Mwezi uliopita nilishuka Kariakoo nikanunua chati ya ukutani ya historia ya Tanzania. Walianza na 20,000, nikaondoka nayo kwa 15,000, hela yangu ya mfukoni. Duka na mchapishaji siwataji. Ni ile ndefu ya njano yenye mstari mwekundu unaoanzia kwenye fuvu na kuishia kwenye Muungano.

Sifa zake kwanza. Imefunikwa nailoni nzito, vumbi la chaki linafutika kwa kitambaa kibichi. Picha zimechorwa na mtu mwenye mkono. Kinjikitile, yule mganga wa Vita vya Majimaji, ameshika kibuyu, watoto wakamtolea macho mpaka kengele ikagonga. Nikawaeleza kwamba dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mtama. Mmoja akanyoosha kidole: "Madam, babu yangu Mmatumbi, anasema vita ile ilikuwa sababu ya pamba."

Babu kawazidi wachapishaji. Chini ya picha wameandika kwamba watu walipinga utawala wa Wajerumani, 1905 hadi 1907, basi. Pamba ya kulazimishwa, ile Wamatumbi waliyoanza kuing'oa kule Nandete, haimo kabisa. Mtoto wa miaka kumi umwambie "kupinga utawala" atakariri tu. Mwambie kuhusu kulimishwa shamba la mtu huku la kwenu linaota majani, hapo atakuuliza maswali.

Kilichonikera hasa ni ule mstari mwekundu. Kila tukio limepewa nafasi sawa, kama kiganja kimoja hivi. Zinjanthropus, yule wa kale mwenye fuvu, kiganja, Kilwa, kiganja, Wajerumani. Matokeo yake mtoto mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, kama bibi yake alimkuta Zinjanthropus akiwa hai.

Ikabidi nitafute kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Mwaka mmoja, sentimita moja, tukaanzia ubaoni. Uhuru haukufika hata mita. Majimaji, mita moja na kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri, alipofika Kilwa mwaka 1331, karibu mita 7, kibanio kikaangukia dirisha la mwisho na waliokaa nyuma wakashangilia kupata mgeni. Na Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimkuta Olduvai mwaka 1959? Huyo ana miaka kama milioni 1.75, kwa hiyo kamba ingehitaji kilomita 17 na nusu. Utoke Kariakoo, ushike Barabara ya Morogoro, uipite Kimara, na bado hujafika. Darasa kimya. Halafu sauti ya nyuma: "Kwa daladala au kwa mwendokasi, Madam?"

Kosa la wazi nalo lipo. Picha ya tarehe 9 Desemba 1961 imeandikwa "Uhuru wa Tanzania", na bendera inayopandishwa ina buluu. Siku ile iliyopata uhuru ni Tanganyika, na bendera yake ilikuwa kijani, njano na nyeusi. Buluu imekuja na Zanzibar baada ya Muungano wa 1964. Nimebandika kipande cha manila nikaandika TANGANYIKA kwa maka peni. Kwa bei ile nisingetakiwa kuwasahihishia. Na chati ya kuuzwa Kariakoo kukosa hata mstari mmoja juu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao ndio waliuachia mtaa huo jina lake, jamani!

Maandishi ni madogo, kuanzia dawati la nne hawasomi kitu. Vitundu vya kutundikia hakuna, nimetoboa kwa msumari.

Kwa mwalimu mwenye watoto 30 au mzazi wa kuitundika sebuleni, 15,000 si mbaya kwa zile picha, mradi umsimulie mtoto mwenyewe. Kwa darasa kama langu, 10,000 usizidishe, na inayobaki nunua kamba. Ifungue palepale dukani kabla hujalipa. Yangu nimeifikisha shule ndipo naona mkunjo umepita katikati ya uso wa Mkwawa, na hautoki hata kwa pasi. Vibanio nilianza na 12, leo vimebaki 7.