Nilinunua kaptura tatu za baiskeli ndipo nikapata moja

Kaptura yoyote ya baiskeli ni nzuri kwa kilomita 30. Nalisema hili mapema kwa sababu maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yaliandikwa na watu walioivaa asubuhi moja, wakazunguka kidogo, wakarudi nyumbani na kuipa nyota 5. Hata mimi ningeipa nyota 5 kaptura yangu ya kwanza kama ningeishia hapo. Siku ile nilikuwa na kilomita 110 mbele yangu.

Naendesha baiskeli ya barabarani, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, matairi membamba na siti ngumu. Wikiendi nyingi nakaa juu yake muda wa saa 4 hadi 6, na mara chache siku nzima. Miaka 2 ya mwanzo nilivaa bukta ya kawaida ya michezo nikidhani maumivu ni sehemu ya mchezo, kama jasho.

Nilipoamua kununua kaptura yenye sponji nilifanya wanachofanya karibu wote: nilibonyeza kwa kidole gumba. Niliyoichagua ilikuwa na sponji nene kuliko kidole chenyewe, na ndani yake jeli inayobonyea taratibu na kurudi, kama godoro jipya. Nikajiona nimelamba dume.

Hadi kilomita ya 50 nilikuwa namsifia aliyeitengeneza. Kwenye 70 hivi nikaanza kujisogeza: mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto. Anayezijua safari ndefu anajua maana yake. Ukishaanza kutafuta pa kukaa kwenye siti uliyoikalia tangu asubuhi, siku imeshaharibika. Kwenye 90 ganzi ikaingia, na haikuingia makalioni, iliingia pale mbele, mahali ambapo hakuna anayependa kusikia ganzi. Kilomita 20 za mwisho nilizimaliza nimesimama kwenye pedali kuliko nilivyokaa, na niliposhuka nilitembea kama bata.

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Ukikaa kwenye siti ya baiskeli, uzito wako unabebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, si nyama ya makalio. Kaa kwenye ngazi ya zege, uiname mbele kidogo, utaisikia yote miwili. Sponji laini ikikaliwa na mifupa hiyo kwa saa kadhaa inalala kabisa, inabaki kama karatasi. Ile sehemu isiyokaliwa, yaani ya katikati, inabaki imevimba vilevile, na katikati ndiko zinakopita neva na mishipa ya damu. Unene niliousifia ndio ulikuwa unaninyonga.

Na nikiri jambo jingine: siku ile nilivaa chupi ndani. Najua, najua. Kaptura hizi zinavaliwa bila kitu ndani, sponji inakaa moja kwa moja kwenye ngozi. Nilikuwa nimelisoma hilo nikaona ni mambo ya wazungu wa mashindano. Lakini chupi ina mishono, na mishono yake inapita hasa pale mapaja yanapokutana na siti, na pamba ikishalowa jasho haikauki. Kama unasoma haya huku bado unavaa chupi ndani ya kaptura ya baiskeli, acha kwanza hiyo kabla hujatumia hela yoyote.

Tangu siku hiyo unene nauangalia kidogo sana. Naangalia msongamano wa sponji, unaoandikwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Si kila mtengenezaji anauandika, na asipouandika mimi huwa napata wasiwasi. Za safari ndefu mara nyingi zina kilo 80 hadi 120 kwenye sehemu ya mifupa, na sehemu nyingine zinapunguzwa. Ukiibonyeza kwa kidole utaona ngumu, utasema hii itaniua. Kidole gumba hakina uzito wako.

Ya pili niliinunua kwa akili zaidi, nikaharibu kwenye saizi. Sponji yake ilikuwa safi: ngumu kiasi, imepungua unene kuelekea pembeni, na katikati ina mfereji. Ila ile saizi yangu ilinibana mapajani hadi nikaona aibu kwenye kioo, nikachukua iliyofuata. Nikajiambia pumzi kwanza, urembo baadaye. Lilikuwa kosa.

Kwa kasi yangu ya kawaida nazungusha pedali kama mara 85 kwa dakika. Zidisha kwa saa 5, ni mizunguko 25,500. Kaptura ikiwa imelegea, kila mzunguko mguu unakwenda na kitambaa kinabaki nyuma, halafu kinafuata. Barabarani husikii kitu kikubwa, joto tu la kuudhi. Jioni bafuni maji yalipogusa paja niliruka. Nilipotazama nikakuta mstari mwekundu upana wa kidole, na ndani ya mstari kuna vidoti vidogo vimepangana sawasawa. Ulikuwa mshono wa kaptura, umejichora kwenye ngozi yangu mpaka ungeweza kuhesabu sindano ilipita mara ngapi. Nilikaa siku 9 bila kupanda baiskeli.

Kaptura ya baiskeli inapaswa kukaa kama ngozi ya pili. Isikukate pumzi, lakini sponji isihame hata kidogo. Na kioo kinadanganya, kwa sababu mbele ya kioo umesimama wima, na nguo hii haikushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Sponji imekunjwa tayari kwa mwili ulioinama. Ukisimama inaning'inia kama nepi, tumbo linapata mikunjo, na mikanda ya mabegani, kama ipo, inakuvuta chini. Yote hayo ni sawa. Ninavyojaribu siku hizi ni kuegemeza baiskeli ukutani, kupanda, kushika usukani chini kabisa na kuzungusha pedali nyuma dakika 10. Ikiwa katika mkao huo mikunjo imepotea na sponji imekaa penye mifupa, hiyo ni saizi yako. Kama kuna mkunjo wowote chini ya paja, rudisha. Mkunjo mdogo sebuleni ni kidonda barabarani.

Kabla sijafika kwenye ya tatu lazima nieleze jambo lililonipunguzia maumivu kuliko kaptura zote, na halikunigharimu hata senti. Rafiki yangu mmoja alikuwa nyuma yangu kwenye mlima mdogo, akasogea ubavuni na kuniuliza, "Kaka, kiuno kinakatika hivyo, muziki unatoka wapi?" Nilicheka, kisha sikucheka. Siti yangu ilikuwa juu mno. Kila mguu ulipofika chini ya mzunguko ulikuwa hauifikii pedali vizuri, kwa hiyo nyonga zilikuwa zinayumba kulia na kushoto kuufuata. Ukiyumba hivyo juu ya siti, hakuna kaptura duniani itakayokuokoa. Nilishusha siti milimita 8 tu. Wiki iliyofuata nikavaa ile ile kaptura ya pili, nikafika kilomita 80 kabla sijaanza kujisogeza.

Nikapima pia mifupa yangu. Unachukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, unakiweka juu ya stuli ngumu, unakalia huku umeinama mbele na umenyanyua visigino kidogo. Ukinyanyuka unakuta mashimo mawili. Pitisha chaki kwa ubapa yaonekane vizuri, pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Yangu yalitoka sentimita 12. Ndipo nikajua siti iliyokuja na baiskeli ilikuwa nyembamba kwangu: mfupa mmoja kila wakati ulikuwa unaning'inia ukingoni. Nilibadili siti. Sikuchukua laini, maana siti laini yenye jeli ni ule ule ugonjwa wa kaptura ya kwanza. Nilichukua pana kidogo, ngumu, yenye tundu katikati.

Sasa ya tatu, ambayo ndiyo ninayotaka kuisifia. Ni ya mikanda ya mabegani, kama ovaroli, na nilichelewa kuinunua kwa sababu nilidhani ni ya kujionesha. Faida yake kubwa ni kwamba haina mpira kiunoni. Ukiinama saa 6 na mpira umekukaza tumboni, unapumua kwa shida na mstari wake unaubeba hadi kesho. Hii hainigusi tumboni kabisa. Na kwa kuwa inashikiliwa na mabega, sponji haiteremki hata nikisimama kwenye pedali na kukaa tena mara 100.

Sponji yake haifiki unene wa kidole. Ndani uso wake ni kitambaa kimoja laini, hakuna mshono unaopita katikati. Pindo za miguu ni pana, zina vidoti vya silikoni vinavyozuia kitambaa kupanda. Vinaacha alama kwa saa moja hivi, na mwenye ngozi nyepesi kukereka aangalie hapo.

Niliijaribu kwa haki, kwenye safari ya kilomita 200 ya aina ya brevet, yaani safari ndefu isiyo ya mashindano lakini yenye muda maalumu, ambayo unapewa saa 13 na dakika 30 kumaliza. Nilitumia 10 na dakika chache, za kwenye siti kama 8 na nusu. Kilomita ya 70 ilipita sikuikumbuka. Kwenye 130 nilihisi mifupa imechoka, ule uchovu wa kawaida wa kukaa, si moto wala ganzi. Nilikuwa najinyanyua sekunde chache kila baada ya dakika 10 hivi ili damu ipite, tabia ambayo naishauri hata ukiwa na kaptura ya kifalme. Kwenye 180 kilichokuwa kinauma ni shingo na viganja, na hapo nikajua kaptura imefanya kazi yake, maana nilikuwa nimeisahau.

Naipa nyota 4, si 5. Ile iliyopungua ni ya choo. Mwanamume kwa haja ndogo anavuta mbele kidogo mambo yanaisha, lakini kwa haja kubwa lazima uvue shati, ushushe mikanda, na ushikilie kila kitu kisiguse sakafu huku jasho linakutoka. Kwa wanawake ni kila mara hivyo, isipokuwa wanunue zile zinazofunguka nyuma kwa zipu au kibanio. Dada yangu anazo na anasema zimemrudishia raha ya kunywa maji njiani. Yeye pia alianza na kaptura ya kiume aliyoazima, akajuta. Sponji ya wanawake hukatwa tofauti, kwa kawaida fupi mbele na pana nyuma, kwa kuwa mifupa yao mara nyingi imeachana zaidi. Si rangi tu inayobadilishwa.

Kuhusu krimu ya kupaka kwenye sponji, naitumia safari ikizidi kilomita 100 tu. Zamani mahali pa sponji palikuwa na ngozi halisi, ya chamois, mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi. Ikifuliwa ilikauka ikawa kavu kama ubao, ndiyo maana waendeshaji waliipaka krimu kuilainisha kabla ya kuvaa. Ngozi ilikwisha ikaja sponji, ila jina la chamois na krimu vikabaki, na sasa kazi ya krimu ni kupunguza msuguano. Mafuta ya mgando yanasaidia kwa siku moja, lakini ni balaa kuyatoa kwenye kitambaa.

Ufuaji ndiko wengi wanakoziua. Geuza ndani nje, maji ya baridi au vuguvugu, sabuni kidogo, anika kivulini. Kilainishi cha nguo usikisogeze, kinaacha utando kwenye nyuzi na kitambaa kinashindwa kunyonya jasho. Na ukifika nyumbani vua papo hapo. Nilishawahi kukaa na kaptura mbichi nikipiga soga muda wa saa 2 baada ya safari, kesho yake nikaamka na jipu mahali pa kukalia. Hutaki kulipata.

Hii ya tatu sasa ina mwaka na nusu. Sponji bado inarudi, ila kitambaa cha nyuma kimeanza kuwa chepesi. Niliiinua dirishani juzi nikaona mwanga unapita, kwa hiyo nikamwomba dada anitazame nikiwa nimeinama na aniambie ukweli. Alinitazama, akaguna, akasema, "Kaka, usitangulie msafara." Nimeshaagiza nyingine kama hiyo hiyo, saizi ile ile inayonitia aibu kwenye kioo.

Ile ya kwanza yenye jeli sijaitupa. Nikipiga magoti kurekebisha mnyororo naikunja na kuiweka sakafuni. Kwa magoti ni nzuri sana.